Bastola Iliyopakiwa

Poonam Vadgama, daktari wa meno mstaafu mzaliwa wa Mombasa, alikuwa akikusanya bastola kuukuu za jeshi la Uswisi na kuzitengeneza nyumbani kwake ughaibuni, mtaa wa Barking. Jirani yake Shiro, nesi kutoka Nyeri, hakupenda hata kuzitazama. Jumamosi moja alikuja kurudisha sufuria, akamkuta Poonam mezani na bastola ya mpanda farasi, ya zile za zamani zilizokuwa zikipakiwa baruti kupitia mdomo wa mtutu.

"Mama Keyur, si hii ilikuwa ukutani sebuleni?"

"Ndiyo. Nimeiteremsha niitoe kutu."

Poonam alitumbukiza kijiti mtutuni mpaka kikagota, akakitia alama, kisha akakilaza kando ya mtutu kwa nje. Akapima tena.

"Kuna nini?"

"Kijiti hakifiki mwisho. Kuna kitu ndani."

"Uchafu?"

"Au risasi."

Shiro alirudi nyuma hadi mlangoni. "Na wajukuu zako hucheza pale chini yake!"

Poonam alimimina maji mtutuni ili baruti ilowe, akaisimamisha bastola ndani ya ndoo bafuni, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kesho yake Shiro alitoka zamu akaja moja kwa moja, bila kualikwa.

"Imetoka?"

"Nilikuwa nakungoja."

Poonam alizungusha skrubu ndefu ndani ya mtutu, akavuta taratibu. Kilitoka kwanza kitambaa kilichooza, kisha risasi ya mviringo, halafu uji mweusi unaonuka yai bovu.

Shiro aliigeuzageuza risasi kiganjani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. "Aliyepakia hii alikuwa akimngoja nani?"

"Nani ajuaye? Labda alikuwa lindoni tu, na usiku ukapita salama."

"Au alimwona mtu, akakosa moyo wa kumfyatulia."

"Wewe unampendelea."

"Na wewe unamfanya mtu wa kawaida mno!"

Walibishana hadi chai ikapoa. Kisha Poonam aliziteremsha bastola zote zilizobaki, wakazipima moja moja, Shiro akimulika kwa simu. Zote zilikuwa tupu.

Poonam alipotaka kuzirudisha ukutani, Shiro alishikilia moja.

"Ngoja kwanza. Herufi hizi zilizogongwa hapa kwenye chuma, maana yake nini?"

Poonam akamvutia kiti.