Kikwembe Moja

Ule prof Kyabu, Mungu amurudishie! Niko nasema waziwazi, sina haya.

Biuma nilimulea minyi, tangu mudogo wangu, mama yake, alikufa. Anasoma histoire ya Afrika ku université hapa Kamina, na kazi yake ya mwisho, ya kumaliza masomo, njo juu ya ile treni yenye ilitubeba sisi bantu ba Kasai, wakati balitufukuza huku mu mwaka ya 92. Mutoto wangu Lukusa alikufa mu ile treni. Tulimuzika pembeni ya reli, haraka haraka, bila hata sanduku. Leo hakuna kaburi. Biuma aliniambia: «Mama, jina yake nitaiandika. Itabakia ku université, hakuna muntu ataifuta.» Nililia sana, nikamuelezea yote.

Kwa siku ya défense, ya kutetea ile kazi mbele ya baprof, nikashonesha nguo ya kikwembe moja, kitambaa ileile, yangu na yake, ginsi tunafanyaka mu familia kukiwa furaha. Ujinga gani ule!

Prof Kyabu, mukubwa wa jury, bale baprof ba kupima kazi, akasoma jina ya Lukusa kwa sauti, mbele ya bantu bote. Kiisha akaangalia Biuma, akaniangalia minyi kule nyuma.

«Mademoiselle, nilibafundisha: mambo ya nyumba yako haiko histoire, ni kilio. Kama ulileta ndugu yako kuwa témoin, shahidi wako, natosha chapitre yote, naifuta, na unarudilia mwaka. Ule mama mwenye kikwembe kama yako ni nani?»

Biuma akajibu:

«Simujue sana, prof. Nilimukuta ku soko. Hii kikwembe bantu mingi banaivaa.»

Aka! Soko gani? Minyi mwenye nilimubeba ku mugongo mpaka hospitali wakati ya surua! Prof akanigeukia.

«Mama, simama. Unamujua huyu binti?»

Nikisema ndiyo, banamufuta Lukusa mbele ya macho yangu. Biuma alikuwa anatikisa kichwa polepole: apana, mama, apana.

«Apana, prof. Alikuyaka tu kuniuliza maulizo.»

«Bon! Muone, ba étudiants, njo ginsi ya kufanya kazi.» Akacheka, amefurahi kabisa. «Ulizo ya mwisho, mama. Ule mutoto alikufa. Uko na bengine?»

Biuma alishika bic yake ya kuandika, anangoja jibu yangu.

«Apana,» nikasema. «Nilikuwa na ule mumoja tu.»

Akaandika.