Sahihi ya Jana

Wakili aliisogeza karatasi ya wosia dirishani, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. "Sahihi hii imewekwa lini?"

"Jana," mama akajibu kwa fahari. "Mkono ulikuwa mzima."

Nilitamani ardhi inimeze. Wazo lilikuwa langu. Mama, fundi cherehani maisha yake yote, alipatwa na kiharusi, na tangu hapo mkono wake wa kulia una siku zake: leo umekubali, kesho umegoma. Jana ulipokubali nikamwekea karatasi mbele, nikamwambia amalizane nayo, wakili akija agonge muhuri tu. Nilikuwa na haraka. Kaka yangu ameshasema waziwazi kwamba mama akifumba macho nyumba inauzwa, na mimi sina pengine pa kulala.

"Mimi nagonga muhuri kwa nilichokiona kwa macho yangu," wakili akasema. "Na mashahidi nao waone." Akaichana ile karatasi, akatoa nakala nyingine safi mkobani.

Mashahidi walikuwa fundi viatu wa pale nje na jirani yetu tunayemwita Mama Redio, ambaye siri kwake ni habari inayosubiri kutangazwa. Walikaa kwenye benchi la wateja wa mama, wamejibana kama wanaongoja kudungwa sindano.

Mama akashika kalamu. Ikaanguka. Nikaiokota, nikaufumbata mkono wake ndani ya wangu, kama ninavyomsaidia kushika kijiko.

"Acha," wakili akasema. "Wewe ndiye mrithi. Tupishe nje, tafadhali. Mama ataweka dole gumba."

"Maneno yanamkwama, wakili. Bila mimi hamtaelewana."

"Tutaelewana."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mama akanung'unika polepole, "kitaiweza nyumba?" Mama Redio akacheka, peke yake.

Nikatoka, mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilikwenda jikoni nikarudi. Nikafuta meza iliyokwisha kufutwa. Nilimchukia wakili, nikamchukia kaka, kisha nikajichukia mwenyewe kwa ujuaji wangu. Mwishowe nikabandika sikio mlangoni.

"Mama, nyumba hii unamwachia nani?"

Kimya. Kimya hicho nakijua. Neno huwa limemganda kooni, nami humtolea: maji, shuka, funga dirisha. Hata jina langu lilimpotea tangu augue, ananiita "wewe". Nikashika kitasa. Nikiingia, kaka atapata la kusema mahakamani. Nisipoingia, wakili ataandika kwamba mama hakujibu.

"Mama, umenisikia?"

"Huyo," mama akasema. "Anayehema hapo mlangoni."

Fundi viatu akakohoa.

"Una watoto wawili, mama. Nahitaji jina."

Jasho la kiganja lilikuwa limelowesha kitasa, na nilishakizungusha nusu.

Ndipo akaanza. Jina langu likamkatikia katikati; akarudi mwanzo, akalitamka tena mpaka likaisha. Kisha la marehemu baba. Kisha la babu, ambalo hakuna aliyeliuliza.

Nikakiachia kitasa, nikakaa sakafuni, nikalia. Sikujali muhuri umegongwa au la.