Kabla ya Dawa Mpya

Wembe ulikuwa umefika chini ya kidevu cha Mzee Njogu mkono wangu ulipoanza kutetemeka. Niliuinua, nikajifanya naufuta kwa taulo. Mzee alikuwa amefumba macho, povu limemjaa mashavuni, akinisimulia habari za ng'ombe wa mkwewe. Nilipourudisha, ukaruka tena, na tone la damu likachomoza katikati ya weupe ule.

Alifumbua macho, akanitazama kwenye kioo. Kisha akashusha sauti ili waliokuwa kwenye benchi wasisikie.

"Kinyozi, wewe ni mgonjwa?"

"Ni malaria kidogo, mzee."

"Basi malizia na mashine. Wembe utangoja."

Haikuwa malaria. Nilikuwa nikiachishwa dawa.

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuugua huzuni, huniuliza ni nani aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Nilikuwa na mke, binti na kibanda changu cha kunyolea pale mtaani Ziwani ambacho wateja walikijua. Huzuni ilinipanda kama unyevu unavyopanda ukuta katika nyumba zetu za kaunsili ya jiji: unaona tu siku moja rangi imevimba, na hujui maji yalikoanzia. Kwanza niliacha kupiga soga na wateja. Kisha chakula kikanishinda. Mwishowe nikawa nalala mchana kutwa na viatu miguuni, nimeupa mlango mgongo, na Nasambu, binti yetu, akajifunza kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mke wangu Lydiah ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kliniki. Daktari Ndambuki, mama mwenye sauti ya taratibu, alinisikiliza bila kuandika neno hadi nilipomaliza, kisha akanipa vidonge. Siwezi kuvisema vibaya vidonge vile. Vilinivua viatu na kunirudisha kibandani. Lakini mwaka wa tisini na sita moyo wangu ulianza kwenda mbio hata nikiwa nimeketi. Kinywa kilikuwa kikavu kama gunia, na Jumapili moja, tuliposimama kanisani kuimba, nilianguka kati ya viti. Daktari alinipima moyo, akasema lazima tubadilishe. Kulikuwa na dawa nyingine, mpya, isiyousumbua moyo hivyo. Ila kwanza ningepunguza ile ya zamani.

"Mwili umeizoea," alinionya. "Utalalamika."

Nilidhani kulalamika ni kuumwa kichwa.

Siku ile ya Mzee Njogu nilifunga kibanda jua likiwa bado juu. Nilipofika nyumbani Lydiah alikuwa akikaanga kitunguu, na harufu yake ikanikimbiza chooni. Ndivyo mambo yalivyokuwa: jasho la kulowesha godoro, ndoto zenye rangi kali mno, tumbo lililochafuka bila kula kitu. Nilimfokea Nasambu kwa kuangusha kifuniko cha sufuria. Jioni hiyo hiyo redio ikisoma matangazo ya vifo, nililia kwa ajili ya mzee wa Kitale nisiyemjua, pamoja na wajukuu zake wote waliotajwa.

Kaka yangu Patrobas alisikia, akaja.

"Hizo ni dawa za wazimu," alisema. "Zitupeni. Twende Webuye akaombewe."

"Shemeji," Lydiah akamjibu, "maombi hatujayakataa. Lakini hakuna kitu kitatupwa hapa. Kunywa chai, inapoa."

Patrobas alikunywa chai yake, akaenda zake. Aliniacha na hofu ambayo hata yeye hakuijua. Jasho ningelivumilia, na kichefuchefu pia. Kilichonitisha ni wazo kwamba ugonjwa umerudi, kwamba ule ukuta umelowa tena na safari hii utaanguka. Asubuhi iliyofuata nilichukua kopo la vidonge vya zamani, nikamimina kiganjani kipimo chote nilichokuwa nikimeza zamani. Moyo ungeenda mbio, na uende. Angalau ningesimama.

Lydiah aliniona kutoka mlangoni.

"Baba Nasambu, ngoja. Tukamuulize daktari kwanza."

"Unadhani siujui ugonjwa wangu? Umerudi."

Hakukimbilia kuninyang'anya. Alikuja akaketi kitandani.

"Ile mara ya kwanza," alisema, "hukunigombeza hata siku moja. Hukuwa na nguvu za kugombeza mtu. Mwezi huu wewe umetugombeza sisi wote, mpaka paka wa jirani. Mimi nimeishi na ule ugonjwa pia. Huu si ule."

Nilivirudisha vidonge koponi. Sikuwa nimeamini, ila nilichoka kubishana, na yeye alikuwa tayari anajifunga leso kichwani.

Daktari Ndambuki alitusikiliza wote wawili.

"Mkeo ameona vizuri," akaniambia. "Tulipunguza haraka kuliko mwili wako ulivyoweza. Nitakupa vidonge vyenye nguvu ndogo, tushuke polepole. Na fikira za kujidhuru zikikujia, msingoje tarehe ya kliniki. Mnakuja siku hiyo hiyo."

"Itaisha lini?"

"Siku yenyewe siijui," alisema. "Lakini itaisha."

Kwa sababu alikubali kwamba hajui, nilimwamini.

Tulishuka polepole. Nilinyoa kwa mashine tu, watoto wa shule wengi, na wateja wa ndevu nikawaelekeza kwa kinyozi mwingine karibu na kituo cha basi. Mzee Njogu alikataa kwenda. Alifuga ndevu, zikatoka nyeupe kama pamba, akadai mkewe anazipenda. Kulikuwa na siku nilizolala nimejikunja kama mtoto, Lydiah akinipa uji kwa kijiko, na siku ambazo sikukumbuka kuwa mimi ni mgonjwa hadi mchana. Kisha zile za pili zikaanza kuzishinda zile za kwanza. Nilianza dawa mpya. Haikunishtua kwa lolote. Mzee Njogu alikuja akaketi, nikamnyoa ndevu zote kwa wembe, na mkono ukatulia.

Lakini nikiulizwa ni lini nilijua kwamba nimevuka, huwa sisemi siku hiyo. Husema ni Jumamosi moja tulipokwenda soko la Gikomba kumtafutia Nasambu sweta ya shule. Lydiah aliinama kwenye lundo, mimi nikasimama pembeni nimeshika mfuko, kama nilivyozoea. Kwa miaka kadhaa yeye ndiye aliyeninunulia kila nilichovaa. Aliponiuliza ipi, nilijibu yoyote.

Katika kibanda cha pili mama mmoja, Batulo, alikuwa amefungua mtumba wa mashati. Moja lilikuwa la manjano, manjano ya ndizi iliyoiva. Nililitazama, nikageuka, nikalitazama tena. Miguu ilikwenda yenyewe.

"Ni la nani, baba?" Batulo aliuliza, akilikung'uta. "La kijana?"

"Langu," nikasema.

Nyuma yangu Lydiah aliacha kupekua. Shati lilikuwa limechakaa kwenye ukosi, na nina hakika aliliona hilo, kwani hakuna lililompita pale Gikomba. Aliinama tena juu ya masweta, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akitafuta saizi ambayo tayari alikuwa ameishika mkononi.