Mawaridi Mgongoni mwa Sajini

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi mwanamke aitwaye Wangu alianza na kwato za punda. Alimwinua Sajini mguu mmoja baada ya mwingine, akachokoa matope na vijiwe kwa chuma kilichopinda, akampiga brashi, kisha akatazama masikio yake. Masikio yakisimama mbele, punda yuko tayari kupokea watu. Yakilala nyuma, kazi imeahirishwa. Hilo lilikuwa somo la kwanza katika kituo cha Madam Unnati, nje kidogo ya Nakuru upande wa Njoro, ambako Wangu alikuwa akisomea kazi ya kuwasaidia watu walioumia kwa kuwakutanisha na wanyama. Kabla ya hapo alikuwa ameuza maji katika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, kwa mkokoteni wa punda miaka kumi na miwili. Alidhani anawajua punda. Wiki ya kwanza tu aligundua kwamba alichojua ni kuwaendesha.

"Hapa mnyama hakufanyii kazi," Madam Unnati alimwambia. "Mnafanya pamoja. Akigeuza kichwa, amekataa. Na akikataa, basi."

Kundi alilopewa Wangu kwa mafunzo ya vitendo lilikuwa la wanawake sita waliowahi kuchuma maua katika shamba moja kubwa, kilomita chache kutoka hapo. Wote sita mikono yao ilitetemeka. Shamba hilohilo ndilo lililofadhili masomo ya kituo, na ndilo lililowatuma.

Wa kwanza alikuwa Jepchumba, mama wa miaka hamsini na miwili, aliyefanya kazi kwenye grinhausi, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, miaka kumi na mmoja. Aliweka viganja mabegani mwa Sajini kama alivyoelekezwa, akafumba macho. Mikono ilitetemeka, na ngozi ya punda ikatetemeka chini yake. Baada ya dakika saba tumba jekundu lilichomoza kati ya vidole vyake, likafunguka taratibu likawa waridi, shina lake limeota kwenye ngozi ya punda.

Wangu alitazama masikio. Yalikuwa mbele. Akaandika kwenye fomu, sehemu ya mabadiliko ya ngozi: waridi moja, jekundu, halina miiba.

"Hili nalijua," Jepchumba alisema. "Ni la grinhausi namba saba. Tulikuwa tunaingizwa kuchuma kabla dawa ya wadudu haijakauka. Majani yanakulowesha mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

"Tuendelee, Mama, ama tupumzike?"

"Tuendelee."

Kila mwanamke aliotesha mawaridi ya rangi yake. Nabalayo, ambaye hakuweza tena kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, aliotesha meupe, na mengi. Madam Unnati alimkagua Sajini akihofia upele, akamkuta mzima, akaagiza asipigwe tena brashi mgongoni. Mawaridi yalinuka dawa. Nyuki walikuja, wakayazunguka mara moja, wakaenda zao.

Mikono haikuacha kutetemeka. Kilichobadilika ni kwamba wanawake walianza kuzungumza. Mwanzoni walimnong'oneza punda shingoni, kisha wakasema kwa sauti ya kawaida, na Wangu akaandika: namba ya grinhausi, siku, dawa ilipigwa saa ngapi, waliingizwa saa ngapi, supavaiza aliyesimama mlangoni ni nani. Alikuwa amefundishwa kuandika alichoona na alichosikia, bila kuongeza wala kupunguza, na hakuona sababu ya kufanya vingine.

Mwezi wa tatu wa mafunzo alikuja Dalmas, afisa wa kampuni, mtu mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alikuja na fomu sita zilizokwisha kuchapwa. Zilisema kwamba mtetemeko wa akina mama hawa ulitokana na mawazo ya nyumbani, na kwamba baada ya kukaa na mnyama, umekwisha. Kilichobaki ni sahihi ya mhudumu.

"Ukisaini hapa, cheti chako kinatoka wiki ijayo," alimwambia Wangu. "Na kazi tutakupa sisi wenyewe."

Wangu alizisoma zote, ingawa zilikuwa na maneno yaleyale. Kisha akamletea Jepchumba birika.

"Mama, mpatie boss chai."

Jepchumba alimimina. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani na kwenye viatu vya Dalmas.

"Hiyo ni baridi ya asubuhi," Dalmas alisema, akijifuta.

"Ni saa sita," Wangu alijibu.

Akachukua kalamu, akakata maneno yaliyochapwa kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: Mikono inatetemeka. Aliingizwa kwenye dawa mbichi. Akasaini. Akafanya hivyo mara sita. Wanawake wakasaini chini yake, maandishi yao yakiyumba, na Nabalayo, ambaye kalamu ilimponyoka, akaweka dole gumba.

Dalmas hakugombana. Alikunja fomu, akamkaribia Sajini, akalitazama waridi jekundu kwa makini kama mtu anayekagua noti.

"Aina hii imesajiliwa," alisema. "Ni mali ya kampuni. Itabidi tuyavune."

Vijana wawili wa shamba walikuja kesho yake na mikasi na ndoo. Sajini aligeuza kichwa. Wangu akasimama kati yake na mikasi.

"Amekataa," alisema.

"Mathe, sisi tumetumwa tu," mmoja wao alisema.

"Najua. Rudini mkaseme amekataa."

Vijana walimtazama Madam Unnati, mwenye kituo. Yeye alikuwa akiitazama barua ya ufadhili mkononi mwake. Akaikunja mara mbili.

"Sheria ya hapa ni hiyo," alisema. "Akikataa, basi. Fungeni geti mkitoka."

Ufadhili ulikatwa mwezi huo. Kituo kilipunguza wanyama, na cheti cha Wangu hakikutoka. Nakala za fomu alizokuwa akijaza kila Alhamisi, Wangu alizipeleka kwenye ofisi ya serikali inayohusika na wafanyakazi mjini. Zilipokewa, zikapigwa muhuri, zikawekwa kwenye faili. Alirudi mara tisa. Kila mara faili ilikuwepo, na haikuwa imefunguliwa. Msimu wa Februari, wa maua ya siku ya wapendanao, ulipofika, malori ya shamba yalipanda kuelekea Nairobi yakiwa yamejaa kama miaka yote.

Madam Unnati alimpa Wangu punda. Sasa Sajini anakaa Bondeni, kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba za zamani za baraza la mji, kati ya fundi wa viatu na mama wa mboga. Watu wa hapo wamemzoea. Mtu akiuliza bei ya maua, Wangu humwambia hayauzwi, naye hununua sukuma wiki na kwenda. Wale wanawake sita huja kila Alhamisi. Mgongo wa Sajini umejaa mawaridi hata mvua ikinyesha haulowi.

Alhamisi iliyopita, saa ya chakula cha mchana, aliingia msichana wa miaka ishirini hivi, bado amevaa ovaroli ya kijani ya kampuni. Alivua glavu, akaficha mikono kwapani.

"Sasa," alisalimia. "Foleni inaanzia wapi?"

Jepchumba alimsogezea kiti. Wangu alifungua ukurasa mpya, akamuuliza jina, na grinhausi namba ngapi.