Kanda ya Saa Nane

Mashine ilikuwa imekwisha kuimeza kanda, na kioo cha kompyuta kilimuuliza Uwase, mtunza kanda za kamera, swali moja tu: aandike picha mpya juu ya zile za zamani, au asiandike? Kidole kilikuwa kwenye kitufe, mtu akagonga dirisha.

Alikuwa Odette, mke wa Muhigirwa. Pale kwenye kinu cha mpunga, Bugarama nzima kwa hakika, nani hakumjua? Kila alipovuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, kumpelekea mumewe chakula gerezani, alipitia hapa kuomba picha za kamera zitazamwe tena, akajibiwa kwamba zilishatazamwa. Mwaka uliopita ghala la pumba liliungua saa kumi za alasiri, likamuua Nasiri, mlinzi wa lango. Muhigirwa, mpakuzi wa magunia, aligombana na Nasiri siku moja kabla, tena mbele za watu. Basi macho yote yakamgeukia. Akajitetea kwamba alitoka langoni saa nane na hakurudi, kamera ilimwona. Wapelelezi waliomba picha za saa nane, wakapewa. Punda alipita, mwanamke mwenye beseni alipita. Muhigirwa hakupita.

Uwase alikuwa miongoni mwa walioamini kwamba alidanganya. Picha za kamera zikishajaa kwenye diski huhamishiwa kwenye kanda, na kanda hulala kabatini mwaka mzima bila kula umeme, hata joto la Bugarama likiwa la kuchemsha maji. Mwaka ukiisha, kanda hurudishwa kazini, picha mpya zikafuta za zamani. Zamu ya kanda ile ilikuwa leo, na Byiringiro, mkuu wake, alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza kwa nini anachelewa.

"Maman Odette, nina kazi," alisema bila kugeuka. "Rudi baadaye."

"Baadaye gani, Maman? Niko hapa tangu saa nane. Nimechoka kusimama."

Uwase alitaka kucheka. Jua lilikuwa bado la asubuhi juu ya mashamba ya mpunga. "Saa nane haijafika. Hata saa nne bado."

"Saa nane ya asubuhi," Odette alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Huit heures. Kwetu tunahesabu hivyo, sisi batu ba Bukavu. Wewe unaitaje?"

Uwase angeiita saa mbili. Kila mtu upande huu wa mto, upande wa Rwanda, angeiita saa mbili. Aliondoa kidole kwenye kitufe taratibu.

"Muhigirwa naye anahesabu hivyo?"

"Atahesabu namna gani ingine?"

Mtu amesema saa nane, karani akaandika kwa Kinyarwanda saa munani, na hakuna aliyeuliza ya asubuhi au ya mchana, kwa kuwa wote waliijua saa nane kuwa ya mchana. Wote isipokuwa mfungwa. Na yeye Uwase nusura azifute picha za asubuhi ile kwa kidole kimoja.

Aliitoa kanda mashineni. Ubavuni ina kijiswichi chekundu, ukikisukuma hakuna kinachoweza kuandikwa tena. Alikisukuma kwa ukucha, kisha akairudisha, safari hii kusoma. Akamfungulia Odette mlango, jambo lililokatazwa, akamvutia kiti.

Kanda haina haraka. Ukitaka siku fulani, sharti ijizungushe kuzipita zote zilizotangulia. Mashine ilivuma. Odette alishika kitenge chake kwa mikono miwili.

Picha ikaja: lango, asubuhi, ukungu kidogo. Nasiri, mzima, ameketi kwenye jiwe anakula muhogo. Muhigirwa akatokea na koti begani. Wakatazamana kitambo. Kisha Nasiri akaukata muhogo, akampa nusu, akamfungulia lango.

Odette alijiziba mdomo. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Turuke sasa," alinong'ona. "Tufike kwenye moto. Tuone kama..." Hakumaliza.

"Haturuki kitu, Maman. Nitaikimbiza kidogo tu. Wakija kuuliza kama alirudi, nataka niseme niliangalia kila dakika."

Nasiri kwenye kioo alifunga lango, akarudi kwenye jiwe lake. Wanawake wawili wakabaki kulitazama lango lililofungwa, wakiomba lisimfungukie tena Muhigirwa.

Simu ikalia. Byiringiro. Sauti yake ilisikika hadi kwa Odette: "Umefuta? Utamaliza saa ngapi?"

Uwase hakuondoa macho kwenye kioo. "Saa kumi," alijibu. Akahisi Odette akimgeukia, akaongeza haraka: "Saa kumi za alasiri, Bwana Byiringiro. Seize heures."