Ngozi ya Tomu Kubwa

Penina alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika: akisikia sauti asiyojua imetoka kwenye kitu gani, hatulii mpaka akijue. Aliwahi kuacha gauni la bibi harusi mezani, pasi ya moto juu yake, akaenda kumuuliza jirani ni sufuria gani ile iliyolia vile ilipoanguka. Gauni liliungua, bibi harusi akalia, na Penina mpaka leo atakwambia kwamba sufuria ile ilikuwa ya chuma cha zamani, si ya alumini.

Siku za kazi alikuwa fundi cherehani huko Nkuhungu. Mwisho wa wiki alikuwa mpiga drams wa bendi ya Luka, bendi ya harusi na hoteli za mjini Dodoma, na mwanamke pekee ndani yake. Kiti kile hakukiokota njiani. Alipoanza, wanaume walimcheka wakamwambia mwanamke wa Kigogo ngoma yake ni muheme; akaibane mapajani na kuipiga kwa viganja kama bibi yake, drams na vijiti awaachie wenyewe. Tangu siku hiyo Penina hakugusa ngoma kwa kiganja. Alishika vijiti, na wale waliomcheka wakazoea.

Sasa kiti chenyewe kilikuwa kinatikisika. Luka alimjia dukani na simu mkononi, ndani yake wimbo alioutoa kwenye santuri ya zamani. Ulikuwa wimbo wa bendi ya Mzee Abdulrahim, mpuliza tarumbeta wa Kondoa, ambaye alikuwa amekubali kuja kuurudia studio pamoja nao.

"Sikiliza hapo katikati, dada," Luka alisema. "Tarumbeta inauliza, ngoma inajibu. Mzee anataka ile ngoma. Anasema zetu zinalia kama madebe."

Penina alisikiliza. Ngoma ilikuwa nene, ya joto, inajibu taratibu kama uji unaochemka chunguni. Akairudisha nyuma akaisikiliza tena.

"Anakuja Jumamosi," Luka aliendelea. "Ukiipata sauti hiyo, unakaa kwenye kiti chako. Usipoipata naweka ngoma za kompyuta. Usinichukie, dada yangu. Mzee ni mtu wa miaka themanini, sina uhakika atapanda basi mara ya pili."

Yalimuuma, tusidanganyane. Miaka yote ile ya kubeba drams juu ya bodaboda, leo kompyuta ikalie kiti chake! Lakini ugonjwa wake ulikuwa umeshampanda, na hasira ikakosa nafasi ya kukaa.

Drams zake zilikuwa zimewambwa ngozi za plastiki, nene na zinazong'aa, aina wanayoipenda wapigaji wa sasa kwa kuwa haichaniki ovyo. Alianza na wanachofanya wote: akabandika vipande vya gundi ya karatasi juu, akaingiza khanga iliyokunjwa ndani. Makali yakaondoka, na uhai ukaondoka nayo. Ukipiga, ni kama unapiga godoro kutoa vumbi. Akabandua vyote. Akaagiza kutoka Dar es Salaam ngozi nyingine, za plastiki vilevile lakini nyembamba, nyeupe, zilizopakwa kitu cha kukwaruza kidogo kidoleni. Ya juu akaikaza kiasi, ya chini akaizidishia kidogo. Hapo ngoma zikaanza kuongea! Akapiga, akacheka peke yake, mteja aliyekuja kuchukua sketi akarudi nyuma hatua moja.

Kisha akawasha wimbo kulinganisha, na furaha ikamwishia. Ngoma ndogo zilifanana, matoazi yalifanana. Tomu kubwa, ile ya kusimama kwa miguu mitatu, ilikataa. Ile ya kwenye santuri ilikuwa na kitu chini ya sauti, mfano wa mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.

"Ngozi ya mnyama," aliiambia cherehani.

Akaenda kwa wachinjaji akarudi na ngozi mbili za ndama. Ya kwanza aliilowesha, akaikwangua manyoya, akaizungushia kwenye pete ya tomu na kuianika juu ya bati, kama alivyoona kwao muheme zikianikwa. Alisahau kwamba muheme huanikwa na watu waliokaa karibu wakiigeuza, wakiipeleka kivulini na kuirudisha. Yeye alikaa ndani akishona sare za shule, na jua la Dodoma likishirikiana na ule upepo wake usio na adabu halikumngoja. Alisikia mlio mkali juu ya paa. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati.

Ya pili akaikaushia ndani, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Ilinuka. Mteja mmoja aliuliza kwa upole kama kuna msiba. Lakini ilikauka bila ufa, na alipoigonga kwa kijiti akajua amefika jirani kabisa. Jirani, si nyumbani. Kila pigo la kijiti lilikuwa na ncha, na kwenye santuri ncha haikuwepo. Akakifunga kijiti kitambaa, ncha ikabaki. Akakifunga sufi, ncha ikabaki, sasa inakera zaidi kwa sababu imejificha.

Ijumaa mchana, amechoka, alitaka mkasi uliokuwa nyuma ya tomu. Akaisukuma pembeni kwa kiganja.

Tomu ikajibu.

Penina alisimama hivyo hivyo, mkono hewani. Akaigusa tena, vidole kwanza, kisha kisigino cha mkono. Pumzi ile hapo! Ilikuwa ni vidole vinavyotangulia kufika. Aliona haya, na haya ilimchoma: sauti aliyoitafuta kila mahali ilikuwa mikononi mwake, naye ameinyima miaka yote kwa sababu ya kicheko cha watu. Akaketi chini, akaibana tomu mapajani, akafuatisha wimbo. Mikono ilijua njia. Yalikuwa mapigo ya bibi yake.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomzidi. Picha ya jalada la santuri, ambayo Luka alimtumia pamoja na wimbo, ilionyesha mpiga drams ni Silvano. Mwanaume gani wa enzi zile, katika nchi ya Wagogo, angepiga muheme, ngoma ya wanawake, na bado apate wa kunywa naye?

Jumamosi studio ilijaa. Mzee Abdulrahim alikuwa ameketi kwenye kona, kofia kichwani, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, tarumbeta magotini. Penina aliisogeza tomu, akashusha kiti, akaibana.

"Dada, vijiti viko wapi?" Luka aliuliza. Mpiga gitaa aliinamisha uso kuficha meno.

"Anza wimbo," Penina alisema.

Mzee akapuliza swali lake. Penina akajibu. Tarumbeta ikakatika katikati ya pumzi.

"Yudith?" mzee aliita. "Yudith, umefika saa ngapi?"

Penina akasema, "Shikamoo babu. Mimi ni Penina. Yudith ni nani?"

"Si ndiye aliyepiga!" mzee alisema, akishangaa kuulizwa. "Silvano alikuwa hodari wa matoazi na vile vidogo, lakini ngoma ile nzito ilimkataa. Tukamwita Yudith wa Ihumwa. Mumewe alikuwa mtu wa kwaya, asingekubali mkewe aonekane kwenye bendi ya baa. Tukamwekea pazia."

"Yuko hai?"

"Kila Idi ananipigia, kila Krismasi nampigia."

Akatoa simu, Luka akamtafutia namba na kuweka sauti ya nje. Sauti ya Yudith ikaja, kavu na kubwa, ikisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, Abdul! Mbona Krismasi bado?"

"Sikiliza hii," mzee alisema.

Simu ikawekwa sakafuni. Penina akapiga mpaka mwisho.

"Nani amekaa mahali pangu?" bibi aliuliza.

"Shikamoo bibi. Mbukwa. Naitwa Penina, wa Nkuhungu."

"Marahaba. Ngozi ya nini hiyo?"

"Ya ndama, bibi."

"Mimi nilitumia ya mbuzi. Ya ndama inachelewa kujibu. Lakini umeibembeleza, imekubali." Akakohoa. "Wanakuona hapo?"

"Bibi?"

"Nauliza, watu wa bendi wanakuona?"

Penina aliwatazama. Mpiga gitaa hakuwa anacheka tena. Luka alikuwa amevua miwani anaifuta.

"Wananiona," alisema.

"Basi waambie waandike jina lako. Waliandike sasa hivi, nami nasikia."

Luka akaomba kalamu, akaliandika kwenye orodha ya wapigaji huku akilitaja kwa sauti. Penina hakurudisha mikono kwenye ngozi mpaka Luka alipoandika na la Yudith.