Nyuzi Kwenye Brashi

Siku aliyofariki mkewe, mashine ya kufyonza vumbi ndiyo iliyotangulia kuzimika. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka kama zimechorwa, alikuwa akisafisha chumba chake cha cherehani. Mngurumo ukakatika ghafla. Akatoka mlangoni akijifuta jasho.

"Mume wangu, mashine imegoma. Inanuka mpira."

Mzee alikuwa barazani na gazeti. "Iache hapo hapo. Nitaitazama kesho," akasema bila kuinua macho.

Mkewe akaenda kujilaza kidogo. Hakuamka tena.

Ile kesho ikachukua miezi saba. Mashine ilibaki katikati ya chumba, waya wake umelala sakafuni kama alivyouacha mwenyewe. Aliyethubutu kuisogeza alikiona cha mtema kuni. Mzee alikuwa karani wa posta maisha yake yote, hakuwahi kulaza barua ya mtu, na sasa neno lake mwenyewe lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hatimaye akampigia simu shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, fundi wa pasi na redio. Shemeji akaja na mkoba wake wa vifaa, akaketi sakafuni bila kungoja kiti.

"Nilimwambia nitaitazama," mzee akasema.

"Ungeitazama, nayo ingekutazama. Wewe na bisibisi mlionana wapi, shemeji?"

Mzee akacheka. Kicheko kikamwishia njiani.

Shemeji akaipindua mashine, akafungua skrubu nne, akang'oa kibati cha chini. Mkanda wa mpira unaozungusha brashi ulikuwa umeungua na kukatika. Brashi yenyewe haikuonekana. Ilikuwa imezongwa nyuzi, tabaka juu ya tabaka, ngumu kama gunzi. Akapitisha kidole juu yake.

"Hii zambarau ni ya gauni langu," akasema.

Gauni lenyewe lilikuwa nyuma ya mlango, upindo umeshikwa kwa pini tu. Mzee akapiga magoti, akachungulia. Chini ya zambarau palikuwa na buluu, zile sare za shule za mwanzo wa mwaka. Chini ya buluu, manjano ya mapazia ambayo mzee aliyacheka kwamba yanafaa hoteli. Chini zaidi rangi zilifubaa, hakuzitambua tena.

Shemeji akatoa wembe mkobani.

"Usikate!"

"Shemeji, hizi nyuzi ndizo zilizoizima. Brashi haizunguki. Nikifunga mkanda mpya juu yake, utaungua leo leo."

"Basi iache ilivyo."

Akaweka wembe chini. "Kuiacha naweza. Unadhani mimi sitaki kuiacha? Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Lakini umeniitia nini?"

Mzee akageukia cherehani. Alitazama vipande vya uzi wa zambarau vilivyotapakaa chini ya cherehani. Mkewe hakuwahi kuanza nguo nyingine kabla ya kusafisha chumba. Nguo mpya, alikuwa akisema, haishonwi juu ya makombo ya jana.

Akainuka, akafungua droo, akatoa mkasi mkubwa wa marehemu. Mkasi ule ulikuwa wa kitambaa na uzi tu. Mwaka mmoja aliwahi kuufungulia bahasha, akanuniwa mpaka jioni. Sasa aliuinua, akasita kidogo, akingoja akemewe.

Hakuna aliyemkemea.

Akakata mwenyewe, polepole, kutoka mwisho mmoja wa brashi hadi mwingine. Nyuzi zikafunguka zikatoka kwa pamoja, kama ganda. Shemeji akatoa kwenye mashine mfuko uliojaa vumbi, akampa. Mzee akaenda kuumwaga nje, akakawia huko. Aliporudi, mkanda mpya ulikuwa umeshafungwa. Akaomba bisibisi, akakaza skrubu ya mwisho.

"Umeipinda."

"Inashika?"

"Inashika."

Mzee akabonyeza swichi. Mngurumo ukajaa chumba, ule ule, na kwa kitambo mzee hakuweza kusogeza mguu. Kisha akaisukuma chini ya cherehani. Kitu kikagonga ndani ya bomba, kring'! Wote wawili wakasema kwa pamoja, "Pini!" kama alivyokuwa akisema marehemu kila aisikiapo sauti ile. Shemeji akageuka upande wa dirisha. Mzee akaendelea kusukuma, maana angesimama angelia.

Ganda la nyuzi limo ndani ya kopo la vifungo. Gauni la zambarau bado liko nyuma ya mlango, na pini zake. Kila Jumamosi saa nne, mzee huwasha mashine, akaanzia chini ya cherehani.